Shamba la Bibi

Kaburi la Selous ni dogo. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, pengine kwa sababu jina la mtu aliyelala pale limekaa kwenye ramani ya nchi yetu karibu miaka mia. Ni saruji iliyolala ardhini, juu yake kibao cha shaba chenye jina, kikosi na tarehe: 4.1.17. Dereva alizima gari, akasikiliza kwanza kama kuna nyati vichakani, ndipo akaturuhusu kushuka. Tulikuwa wanafunzi tisa wa shahada ya uzamili, vumbi la barabara ya Mloka limetujaa mpaka masikioni, na kila mmoja alikuwa ameshapiga picha za viboko nyingi kuliko atakazozihitaji maisha yake yote.

Mwongoza watalii alikuwa kijana wa rika letu, mcheshi, anayemtambua ndege kwa sauti kabla hajamwona. Alitueleza habari za marehemu vizuri kabisa: Mwingereza, mwindaji mashuhuri, rafiki wa Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, aliuawa kwa risasi ya upande wa Wajerumani hapa Beho Beho akiwa na miaka 65. Nilipomuuliza kabla ya vita hapa palikuwa na nani, alinitazama kwa upole, kama mtu aliyeletewa swali lisilokuwemo kwenye mtihani.

"Hapa? Hapa palikuwa pori tu, dada."

Simlaumu. Vipeperushi na vitabu vya wasafiri nilivyovisoma vinasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi, na mgeni anayetoka mbali amelipia tiketi ya ndege ili aone hilo pori tu. Lakini hiyo "tu" ilinikaa kooni njia nzima ya kurudi, kwa sababu bibi yangu, mama wa mama yangu, alizaliwa ndani ya pori hilo, upande wa kusini, magharibi ya Liwale. Alizaliwa kwenye nyumba yenye mlango wa mbao.

Nianze na huyu mwenye kaburi. Frederick Courteney Selous hakuwa mtu wa huku. Alizaliwa London mwaka 1851, umaarufu wake aliupata kwa kuwinda tembo kusini mwa Afrika, na mwaka 1890 ndiye aliyewaonyesha njia watu wa Cecil Rhodes walipoingia Mashonaland, sehemu ya Zimbabwe ya leo. Mto Rufiji aliufikia akiwa kapteni, katika jeshi lililokuwa likimfukuza Lettow-Vorbeck. Tarehe 4 Januari 1917 akauawa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, mwanawe aliyekuwa rubani naye akauawa. Niliposoma hilo nilimwonea huruma mama wa yule kijana, na sikutegemea kwamba utafiti huu ungenifanya nimwonee huruma mtu wa familia hiyo. Mwaka 1922, Waingereza walipoyaunganisha mapori ya akiba waliyorithi kwa Wajerumani, waliyapa jina lake.

Katika vita hivyo hivyo walikuwamo wapagazi. Mwanzoni mwa 1917 mvua ilinyesha kupita kiasi, Rufiji ikafurika, na chakula cha majeshi kikawa kinategemea vichwa vya watu. Waingereza wenyewe waliandika kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa upande wao katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Sikuonyeshwa kaburi la hata mmoja wao.

Wenyeji wa Rufiji, Kilwa na Liwale walikuwa na jina lao. Waliliita Shamba la Bibi. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili alimzawadia pori hilo mkewe, Augusta Viktoria. Ni hadithi tamu na waongozaji wanaipenda. Mimi naiacha iwe hadithi. Lenye ushahidi ni kavu zaidi: mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji, akatenga maeneo mawili ya kwanza ambamo mtu asingewinda bila ruhusa yake, moja upande wa Kilimanjaro, jingine Rufiji.

Ila tazama akili ya waliolitunga jina. Umeamka asubuhi unaambiwa pale ulipokuwa ukitega na kurina asali huruhusiwi tena. Pamewekwa mwenyewe. Ukiangalia, huyo mwenyewe halimi, hachungi, hajajenga hata kibanda. Hajawahi kuja na wala haji. Kwa mtu anayejua kwamba ardhi ni ya aliyeifyeka, eneo kubwa namna hiyo lililokaa bila jembe linaweza kuwa la nani, kama si la mke wa mkubwa fulani aliyeko mbali? Darasani kwetu tunasoma kitabu cha Freeman Tilden, Mmarekani aliyeandika mwaka 1957 juu ya namna ya kuwafasiria wageni hifadhi na maeneo ya urithi. Ni kitabu kizuri. Anasisitiza kwamba kumpa mgeni taarifa si sawa na kumfasiria. Wakulima wa Rufiji walikuwa wameshaifasiri hifadhi yao zamani, kwa maneno matatu.

Siku hizi msemo umehama. Shamba la bibi ni mali ya umma ambayo kila mwenye nafasi anajichotea. Na pori lenyewe likaja kufanana na msemo wake: sensa ya mwaka 1976 ilihesabu tembo wapatao 109,000 katika ikolojia ya Selous, ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Sasa turudi kwenye pori tu. Mtu akisema mahali ni pori tu, anasema ndivyo palivyokuwa tangu Mungu aumbe. Mimi ni mwanafunzi wa historia na nimefundishwa kuuliza tarehe. Pori hili lina tarehe.

Ya kwanza ni Julai 1905. Kule Nandete, Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji, alikuwa mtu wa Ngarambe, kijiji ambacho leo kipo ukingoni mwa hifadhi, upande wa mashariki. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti, na kabla mwezi haujaisha Boma la Liwale lilikuwa limechomwa moto na wapiganaji. Jibu la Wajerumani lilikuwa njaa. Walichoma maghala na mashamba, wakakamata mavuno. Wao wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyezunguka kuwahoji wazee, alifikia kati ya 250,000 na 300,000.

Kilichofuata hakihitaji bunduki. Shamba likikaa misimu miwili bila kupaliliwa, vichaka hurudi. Vichaka vikirudi, mbung'o nao hurudi, na mbung'o ndiye mbeba malale. Mifugo hufa, watu huugua, kaya zilizobaki ni chache mno kuweza kufyeka upya au kukesha zikifukuza nguruwe na tembo shambani, kwa hiyo nazo huhama, na pori husogea tena. John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka mwaka 1979, ameeleza jinsi wanyama na msitu walivyosonga mbele mahali ambapo binadamu alirudi nyuma. Mgeni anayesimama leo ziwa Tagalala akaona mivumo, mamba na utulivu ule, anaona kitu cha kweli na kizuri. Ila sehemu ya utulivu ule imetokana na watu walioacha kulima kwa sababu walikufa.

Tarehe ya pili ndiyo ya bibi yangu. Miaka ya 1940, malale yakiwa yamesambaa, serikali ya Kiingereza iliamua kwamba kaya zilizotawanyika magharibi ya Liwale ziondolewe, zikusanywe kwenye makazi makubwa ambapo vichaka vingefyekwa na waganga wangeweza kufika. Nataka kuwa mkweli hapa: malale si kisingizio kilichobuniwa. Ni ugonjwa unaoua, na tembo walikuwa wanamaliza mashamba ya watu hao kweli. Lakini idara ya wanyamapori nayo ilikuwa na hamu yake. Bwana nyama wa eneo hilo, C. J. P. Ionides, ambaye duniani anakumbukwa zaidi kwa kukamata nyoka, alipigania pori la akiba lipanuliwe, na ardhi iliyoachwa wazi ikaunganishwa nalo. Watu walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa, na ugonjwa ulipopungua hawakurudishwa. Katikati ya sababu hizo mbili ndimo lilimozama shamba letu.

Bibi alikuwa na miaka saba au minane. Ukimuuliza habari za siku hiyo hakuelezi amri wala serikali. Anaeleza mlango. Baba yake aliung'oa mlango wa mbao, akaubeba kichwani mwendo wa siku tatu, kwa sababu seremala aliyeuchonga alikuwa amekufa na hapakuwa na mwingine. Watoto walikuwa wakitembea katika kivuli cha mlango. Bibi yake yeye, mzee asiyeweza kutembea, alibebwa kwenye kitanda cha kamba na alikuwa akiwatukana wabebaji kila walipojikwaa. Hii sehemu bibi huisimulia akicheka mpaka machozi. Kisha huwa anataja miembe. Ilikuwa mitatu: wa uani, wa njia panda, na wa babu, uliokuwa dodo. Mwembe huchukua miaka mingi kabla haujazaa. Anayeupanda ana nia ya kukaa.

Baada ya kuondoka, eneo lile na mengine ya kusini mwa mto yaligawanywa kuwa vitalu vya uwindaji. Kwa miongo mingi Selous ilijiendesha hasa kwa pesa ya wawindaji wa kitalii; sehemu ya kupiga picha ilikuwa kipande kidogo cha kaskazini. Lugha nayo ikafuata pesa. Anayelipia kibali akaua nyati kwa ajili ya pembe za ukutani ni mwindaji. Anayeingia na mtego wa waya kwa ajili ya mboga ni jangili. Sitetei mitego ya waya, nimeona picha za mbwa mwitu waliokatwa nayo shingo. Natamani tu anayetufafanulia hifadhi atuambie pia kwamba maneno haya mawili yaligawanywa lini, na nani.

Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, bibi alihamishwa tena, safari hii na serikali ya kwetu, kutoka alikokuwa ameanza kulima vizuri hadi kando ya barabara. "Mara ya pili mlango ulikuwa wa bati," huwa anasema, "mwepesi." Picha ya Mwalimu Nyerere ipo ukutani kwake hadi leo, karibu na kalenda ya msikiti. Nilipokuwa mdogo sikuona ugumu wowote katika jambo hilo. Sasa nauona. Nimejaribu mara kadhaa kumchokoza alitolee ufafanuzi, hanipi.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous, kilomita za mraba 30,893, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Nilimpigia simu kumweleza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Nikamwambia lile pori sasa limepewa jina la Mwalimu. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo sasa ni Shamba la Babu," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mwaka huo huo ndio nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu bwawa. Ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 2,115 ulikuwa unaanza kwenye korongo la Rufiji ambalo lenyewe lilikuwa likiitwa kwa jina la Mjerumani, Stiegler. Marafiki zangu waligawanyika. Upande mmoja walisema hili ni pori lisiloguswa, urithi wa dunia, tuliache. Upande wa pili walisema maji yanapotea bure, eneo lenyewe halina watu, nchi inahitaji umeme. Nilisoma mabishano hayo usiku kucha, na kuna wakati nilikubaliana na wote wawili ndani ya dakika kumi. Ilinichukua muda kugundua kwamba wanasimama juu ya msingi mmoja. "Halijaguswa" na "halina watu" ni sentensi moja iliyovaa nguo mbili. Wa kwanza anaitumia kulinda, wa pili kujenga, na hakuna anayelazimika kuuliza watu walikwenda wapi. Bwawa lilijengwa, na mwaka 2024 likaanza kutoa umeme. Kwa bibi umeme ulikuwa umeshafika, ila unakatika.

Watanzania tunaambiwa kila mara kwamba hatutembelei hifadhi zetu. Kuna ukweli, ingawa nauli, mafuta na bei ya kulala huko vinachangia kuliko uvivu tunaosingiziwa. Lakini kuna ziara ambazo hazihesabiwi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inakatiza upande wa kaskazini wa pori hili. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilipanda daraja la tatu kwenda Mbeya. Tulipopita Fuga, watu waliacha chipsi zao wakasongamana madirishani. Twiga! Swala! Wazee, watoto, mwanajeshi mmoja aliyekuwa akirudi likizo. Mama mmoja wa Kisaki alimpandisha mwanawe kwenye kiti akamwonyesha tembo aliyesimama karibu na tuta la reli. "Unamwona? Yule ndiye anakula mahindi ya mjomba wako." Mtoto akauliza kwa nini mjomba hamfukuzi. "Anamfukuza kwa debe. Siku nyingine tembo anakubali, siku nyingine anakataa." Gari moshi zima likacheka. Nimesikiliza maelezo mengi ya hifadhi tangu siku hiyo, na mengi hayakufika hata nusu ya hayo.

Sisemi watu warudi kulima Beho Beho. Niliwaona mbwa mwitu asubuhi ile, kundi zima na watoto wao, wakicheza kwenye mchanga, na nilitamani wawe pale hata baada ya mimi. Ninachotaka ni kidogo zaidi na pengine kigumu zaidi: pale panapoandikwa habari za tembo, nyati na Kapteni Selous, paandikwe pia Wangindo, Wamatumbi, mwaka wa njaa na mwaka wa malale. Mgeni atavumilia. Wageni si watoto.

Tulipokuwa tukirudi kwenye lango la Mtemere nilikaa kiti cha mbele na kumsimulia mwongozaji habari za bibi. Alisikiliza huku macho yake yako njiani. Kisha akasema aliwahi kwenda doria kusini mwa mto, na huko kuna miembe. Mikubwa, katikati ya pori. Wao husema ilipandwa na tembo, kwa sababu tembo hula embe na kokwa huiangusha mbali na kinyesi chake. Akaendesha kimya. "Ila kuna mahali ipo kwa mstari," akasema. "Tembo hapandi kwa mstari."

Likizo iliyofuata nilikwenda Liwale. Bibi macho yake yamepungua nguvu, ikabidi nizikuze picha kwenye simu. Viboko hakuwajali. Twiga alimtazama kwa muda, kwao hawakuwapo. Tulipofika kwenye kaburi akaniuliza ni la nani, nikamweleza.

"Alikuwa na shamba hapo?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Hakuna, bibi."

Akatikisa kichwa, sikujua ni kwa kumhurumia au kwa kitu kingine. Nikamweleza habari za miembe iliyo kwa mstari, nikaharakisha kuongeza kwamba huenda si ya kwao, pori ni kubwa, na miembe ilipandwa na watu wengi. Hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa ameshafika.

"Ukienda," akasema, "ule wa uani usile maembe yake kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Una ugwadu ule. Kula ya babu."